Mchanga Kwenye Matobolwa

Kichwa changu kinanichosha. Ufunguo wa chumba naupoteza kila wiki, hesabu za shule hazikukaa hata moja, lakini harufu ya matobolwa ikinipita puani, basi tena: nina miaka tisa, likizo ya mwezi wa sita, niko mwambani kwa bibi na nyayo zinaungua. Nani kakituma?

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Bibi alivianika juu ya mwamba mpana nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Kagongwa. Kazi yangu ya likizo ilikuwa moja tu, kufukuza mbuzi, na hiyo moja ikanishinda. Nililala. Mbuzi wakapanda, wakatawanya kila kitu mchangani. Niliamka nikaokota mbiombio, nikarudisha mwambani bila kupangusa hata kipande. Jioni bibi aliuma kimoja, akatema, akanipachika jina la utani ambalo mtu mwingine hajawahi kuniita.

Mwaka huu harufu ile imenikuta sokoni Segese, ninapouza chai na maandazi. Mama wa meza ya pili alifungua kiroba chake, nami nikaganda na birika mkononi.

"Dada, hiyo chai unaimimina au unaiombea?" mteja akauliza.

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa nawaza: kama pua yangu inaweza kunirudisha mwambani, ya bibi itashindwaje? Maana bibi ameanza kutusahau. Anaishi kwa mama mdogo sasa, na mara tatu mfululizo nimeenda kumwona, mara tatu ameniita mgeni. Nimempigia magoti, nimemwamkia mwangaluka kwa Kisukuma, anaitikia vizuri kabisa, halafu: "Karibu, mgeni. Kwenu wapi?" Nilichotaka ni kitu kidogo sana. Nilitaka anijue, hata kwa siku moja.

Nikanunua matobolwa ya yule mama, masafi, yamepangwa kama ya harusi. Bibi akanusa, akala, akashukuru.

"Mgeni huyu ana adabu," akamwambia mama mdogo.

Nilitamani kulia, nilitamani pia kurusha sahani. Pua ya mtu inanusa kitu kilekile, na haisemi chochote!

Sikukata tamaa, ndiyo tabia yangu mbaya. Nikaona labda kosa ni kununua. Nikachemsha viazi mwenyewe, nikakata, nikaanika kwenye bati mbele ya chumba changu. Nilichosahau ni barabara. Malori ya mawe ya wachimbaji yanapita pale kutwa, na kila moja linaacha vumbi lake. Siku ya nne niliguna nilipoyaona matobolwa yangu. Kuyaosha ni kuyaharibu, kuyatupa roho inauma, na nauli nilishaitenga. Nikakung'uta, nikafunga kwenye kitambaa, nikaenda hivyo hivyo.

Mama mdogo alipitisha kidole juu ya kipande kimoja. "Umemletea bibi yako viazi au umemletea barabara?"

"Mama, usinianze. Nimechoka."

Tukachovya kipande kwenye chai ili kilainike, maana meno ya bibi yamebaki machache. Akatafuna. Nikasikia mchanga ukisagika mdomoni mwake, nikafumba macho kwa aibu.

Bibi akatema kiganjani.

"Umelala tena!" akafoka. "Mbuzi wamepanda mwambani, wewe unakoroma!"

Kisha akaniita jina lile. Lile la utani, lote, kwa sauti ileile ya kunitafuta nyuma ya nyumba.

"Nisamehe bibi," nikasema. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Sirudii."

"Husikii wewe. Kesho unalinda tena."

"Nitalinda."

Akanishika sikio, akalivuta kidogo, akaliachia taratibu. Mama mdogo alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Haikufika hata nusu saa. Bibi alimaliza chai, akaniangalia kwa upole, akamgeukia mama mdogo: "Huyu mgeni amekula?"

Jamani, vichwa hivi! Nikafungua kitambaa tena, nikatafuta kipande chenye vumbi jingi kuliko vyote, nikakichovya kwenye chai.