Emerance na Nguo za Majeshi Matatu

"Soksi yenye kusimama yenyewe, mimi siifui! Muone hii. Nimeiweka chini, imesimama. Nimeizunguka, ingali imesimama. Hii si soksi tena, hii njo askari muzima, mumupe cheo!"

Ndivyo Yaya Emerance, jirani yangu ninayemwita hivyo kama dada mkubwa, alivyokuwa akipiga kelele asubuhi ile ya kiangazi, ukingoni mwa mto upande wa Alunguli. Na soksi ilikuwa imesimama kweli juu ya jiwe lake la kufulia, nyeusi, ngumu, nzi wawili wamekaa kileleni. Mwenye soksi, serja Florentin wa jeshi la maji, alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, akijichokoa katikati ya vidole vya miguu kwa kijiti. Akimaliza kidole kimoja, ananusa kijiti. Sijui wanaume wanatafuta nini pale.

"Mama Divine, ile si jasho," akasema. "Ile njo matope ya kazi. Sisi tunaishi majini."

"Maji gani?" akadakia ajida Tambwe wa jeshi la nchi kavu, aliyekuja kuchukua mashati yake. "Chombo chenu kimelala juu ya mchanga tangu Pasaka ya mwaka juzi. Kuku wanataga ndani. Unaitwa askari wa maji, kumbe unalinda mayai."

"Afazali mimi ninalinda mayai. Wewe ukiona mbuzi ya mutu njiani, inaponea wapi?"

Kaporali Bienfait, kijana mwembamba anayelinda uwanja wa ndege, alikuwa amechagua jiwe lililo juu kuliko yote. "Sisi watu wa juu," akasema, "hatuingii katika maneno ya chini."

Wale wawili wakamgeukia pamoja. "Wewe wa juu, umeruka siku gani?"

"Nimegusa tairi."

Walicheka hadi wakatema mate. Mate yenyewe yakaangukia mtoni, hatua tatu tu juu ya mahali Emerance alipokuwa akisuuza mashati yao wenyewe. Yeye alitazama yale mate yakija polepole, akainua shati, akayaacha yapite, akalirudisha shati majini. Miaka kumi na tano ya kazi ile ilikuwa imemfundisha kipimo.

Emerance anafulia majeshi yote matatu ya Kindu, na hana kitu kingine. Shamba hana. Mume wake Blanchard alikwenda Kampene kutafuta zahabu, akatuma salamu mara mbili, mara ya tatu akatuma mtu kusema asimngojee. Kwa hiyo chakula, kodi ya nyumba, masomo ya binti yake Divine, vyote vilitoka katika zile nguo za kijani na za buluu zenye kunuka. Jeshi moja likiondoka, anakula mara moja kwa siku. Yakiondoka mawili, hali. Hilo kila mtu wa mtaa wetu analijua, na askari pia wanalijua, ndiyo maana wanajidai.

Maana wale watu wana sheria! Beseni jekundu ni la nchi kavu, la buluu ni la maji, jeupe ni la watu wa ndege, na ole wake akikosea. Kamba za kuanikia ni tatu pia. Watu wa ndege walitaka kamba ya juu kabisa, eti njo cheo chao. Watu wa maji wakataka ile inayotazama mto. Nchi kavu wakabaki na ya chini, na kila wiki ajida Tambwe alileta lalamiko lilelile: "Kwa nini suruali za watu wa maji zinadondokea juu ya mashati yetu? Ile maji ya samaki inatuharibia heshima." Heshima! Mtu ambaye kola yake ukiikamua unapata mafuta ya kukaangia.

Sheria ya mwisho ilikuwa ya mifuko. Mfuko wa askari haufunguliwi na mfuaji. Waliiweka wao wote watatu, siku moja tu waliyopatana, ili mwanamke asije akajua siri za kambi. Nimeziona hizo siri: njugu zilizotafunwa zikarudishwa, kitana chenye nywele za mtu mwingine.

Sasa nitasema lililokuwa siri ya Emerance, kwa kuwa limekwisha kutoka nje. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na pipa lililokatwa katikati. Usiku na mchana wale mashujaa walipogombana kuhusu mabeseni, nguo zao zilikuwa zimekwisha kuchemka pamoja mle ndani, chupi na soksi, nchi kavu juu ya maji, maji juu ya ndege, katika supu moja nyeusi ambayo povu lake hata bata walilikimbia. Akiisha kuchemsha, Emerance anazitenga, anazipeleka mtoni na kuzisuuza mbele ya macho yao, kila moja katika beseni lake. Mimi nilijua, kwa sababu uzio wetu ni mmoja na moshi ulikuja kwangu. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akajibu: "Juu ya sabuni," yaani kwa sababu ya sabuni. Nikafikiri anabana matumizi tu.

Siku mbili kabla ya defile, gwaride la sikukuu ya uhuru, tarehe thelathini mwezi wa sita, majeshi yote yalikwenda kufanya mazoezi ya kutembea kule ng'ambo, mjini. Nilikuwa nimevuka kuuza makemba, zile ndizi za kukaanga, nikaona kwa macho yangu. Nchi kavu walitokea kwanza, vifua mbele, nguo zimenyooka. Nyuma yao mbwa watatu. Watu wakacheka. Wakafuata watu wa maji, nao na nzi wao. Hapo ajida Tambwe akapaza sauti: "Munasikia? Nimesema siku zote, wale wananuka samaki!"

"Mbwa wako nyuma yako, mon ajida!" Florentin akajibu.

Ajida akageuka, akaona mbwa. Akainua mkono, akanusa kwapa lake mbele ya umati. Uso ukabadilika. Kisha wakapita watu wa ndege, wale wa juu kabisa, na Bienfait mbele yao, na harufu iliyotoka kwao ilifanya mama mmoja aliyekuwa karibu yangu afunike pua ya mtoto. Majeshi matatu, samaki mmoja.

Mchana uleule, nami nimekwisha kurudi nyumbani, walivuka wote watatu katika mtumbwi mmoja. Tangu nijue mto ule, sijawahi kuona nchi kavu, maji na ndege wakikaa ubao mmoja. Walipita mabeseni, walipita kamba, wakaifuata ile harufu moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko. Bienfait akachukua mwiko wa mti, akakoroga pipa. Kikaja juu kichwa cha samaki, ngolo wa kukaushwa, macho meupe, mdomo wazi, kikizunguka taratibu kama kinatuhesabu. Mgongo wake ukafuata.

Bienfait akatapika juu ya matembele ya Emerance.

"Miaka kumi na tano," ajida Tambwe akasema, sauti imekauka, "mimi navaa maji ya soksi ya Florentin?"

"Na mimi," Florentin akasema, "navaa maji ya chupi za nchi kavu?"

Wakatema mate wote wawili, kwa pamoja, kama waliamriwa. Kisha ajida akatoa hukumu: "Mama Divine, kazi imeisha. Sisi wote tunaondoa nguo zetu leo. Nchi kavu, maji, na ndege. Hakuna hata soksi moja itabaki hapa."

Emerance alikuwa ameshika mkono wa mlango wa jiko. Nilimwona akihesabu, si feza, akihesabu siku: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Divine alitoka ndani akasimama nyuma yake. Nilifikiri yaya atapiga magoti. Badala yake akacheka, kicheko kibaya.

"Kumbe munaweza kupatana! Samaki ni ya nani? Iko mutu wa nchi kavu anayekausha ngolo?"

Florentin akatazama miguu yake.

"Ilikuwa katika mufuko wako wa paja, serja. Na nani alisema mufuko haufunguliwi? Ni mimi? Na hii pipa inawachukiza nini? Vita ilipoisha, hawakuchanganya jeshi lote? Yule wa poroni, yule wa mjini, aliyempiga na aliyepigwa, wakawatia pamoja, wakawakoroga, mukatoka mumevaa nguo moja. Pale hamukutapika."

Kisha akamgeukia ajida, na sauti ikashuka.

"Wewe nilikufulia peke yako. Mara moja. Unakumbuka."

Tambwe akaanza kufunga kifungo cha kola.

"Sabuni," Emerance akasema.

"Ile ni maneno ya zamani, mama."

"Sabuni gani?" Florentin akauliza. Mtu wa maji akinusa aibu ya nchi kavu hawezi kunyamaza.

Basi akawaambia, na mimi pia njo siku nilisikia lote. Mwaka 2002 mji ulikuwa umefungwa. Treni haiji, mashamba hayaendeki, chumvi imekuwa hadithi, watu wanakula sombe, majani ya muhogo matupu yasiyo na kitu. Emerance alikuwa na mimba ya miezi minane, na mama yake alikuwa amemfichia mche mmoja wa sabuni ndani ya mto wa kulalia, ya kumwogeshea mtoto. Akaja kijana mwenye bunduki, kaporali wa jeshi lipi tusiulize, siku zile kila mtu alikuwa na lake. Kijana alikuwa anaharisha. Sare yake ilikuwa na chawa mpaka kwenye mishono, unaona kitambaa kinatembea. Hakumwelekezea bunduki. Aliiegemeza tu ukutani, karibu na chungu, akasema: "Dada, unifulie. Kesho nakurudishia mche muzima. Neno la askari."

Emerance alifua sare ile mara nne, akitapika kati ya mara na mara. Mche ukaisha, ukabaki ukucha. Kesho yake kikosi kikaondoka. Baada ya wiki tatu Divine akazaliwa, akaogeshwa kwa maji ya jivu na majani ya papai yaliyopondwa, na ngozi yake ikatoka vipele mpaka shingoni. Kijana akarudi Kindu vita ilipokwisha, na kitambi na cheo, akamtambua Emerance mtoni, akacheka. "Deni la vita! Uliza wakubwa wa wakati ule." Mwaka uliofuata: "Uliza watu wa maji, wao njo wenye kuoga." Mara moja akamtupia noti. Emerance akamrudishia. Sabuni haikuwa feza.

"Siku ile," Emerance akamaliza, "niliapa. Hakuna askari tena atafuliwa peke yake nyumbani mwangu. Sabuni munayoleta nagawia ninyi wote pamoja, kipande kinabaki, kinaingia ndani kwa mutoto. Pipa hii si mimi nimeileta. Ni yeye."

Nzi tu juu ya kile kichwa cha ngolo.

Florentin akavuta pumzi kama mtu aliyepewa zawadi. "Mon ajida. Ulimaliza sabuni ya mutoto muchanga?"

"Nyamaza."

"Nchi kavu yote, na vifaru vyake, imeshindwa na mche mumoja wa sabuni?"

"Hata sisi wa ndege," Bienfait akasema, akijifuta mdomo, "hatujafika chini vile."

Tambwe aligeuka akaenda, akapanda njia ya soko. Wale wawili wakabaki, maana defile ilikuwa kesho kutwa na hakuna mfuaji mwingine angezigusa nguo zile. Walijua. Emerance pia alikuwa amekwisha kujua, kwa kuwa alianza kumwaga pipa.

Ajida akarudi na jasho, mche wa sabuni mkononi, wa manjano, mrefu. Akaunyoosha bila kumtazama. "Shika. Utufulie."

Emerance akaupokea, akaunusa, akaupima kwa mkono.

"Hii ni ya 2002," akasema. "Ya kufulia leo iko wapi?"

Florentin, aliyekuwa amekaa tena juu ya beseni lililopinduliwa, alicheka akaanguka. Ajida akapanda tena ile njia ya soko, mara hii polepole. Aliporudi, Florentin alikuwa anachota maji na Bienfait anapasua kuni. Mifuko yote ikapinduliwa nje mbele ya watu, na sitaandika kilichotoka, mwenye kusoma pengine anakula. Nguo zikaingia katika pipa moja. Hakuna aliyeuliza beseni la nani.

Emerance alikuwa ameufunga ule mche wa kwanza ndani ya pembe ya kitenge chake. Akamwita Divine, akaufungua, akamwekea mkononi.

"Ya nini, mama?"

"Ya kuogea. Imechelewa miaka ishirini na tatu."