Kipimo cha Juu ya Paa

Kampuni ya intaneti ilipoanza ilikuwa na minara mitatu, vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na Bi Vipimo. Huyu alipata kazi kwa sababu siku ya usaili aliuliza maswali mengi kuliko aliyoulizwa, na waliomhoji wakaona ni nafuu kumwajiri kuliko kumjibu. Mama yake alishamzoea tangu utotoni, siku alipoifungua saa ya ukutani aone dakika zinakaa wapi.

Kazi yake ilikuwa kupita mitaani kwa gari lenye antena juu ya paa. Dereva aliendesha polepole, yeye kiti cha nyuma, kompyuta mapajani, akitazama mitaa ikijipaka rangi kwenye ramani: kijani penye mtandao wa nguvu, nyekundu pasipo na kitu. Palipokuwa pekundu, kampuni ilisimamisha mnara. Kwa miaka tisa minara mitatu ikawa mia moja na arobaini, ofisi ikahamia jengo la ghorofa tano, na hakuna mnara uliosimama bila ramani yake. Alijivunia ramani ile, na mimi sioni kwa nini asijivunie.

Ila kulikuwa na mtaa mmoja, nyuma ya kiwanda cha matofali, uliomkosesha raha. Kwenye ramani ulikuwa kijani kitupu, lakini wakazi wake walikuja ofisini kila wiki kulalamika kwamba mtandao hakuna. Mwaka ule ulibaki mnara mmoja tu wa kujenga, na Ijumaa meneja angeamua uende wapi. Mtaa ukiachwa, ungesubiri miaka miwili mingine.

"Simu zao mbovu," meneja alisema. "Ramani si yako? Huiamini?"

"Naiamini, bosi. Ndiyo maana sielewi."

Jumatano akamrudisha dereva kule kule.

"Dada, hapa tumepima mara nne," dereva akalalamika. "Kwani umeangusha sindano?"

"Nikiiona nitakwambia."

Alichokiona ni mwanamke juu ya ngazi, mbele ya nyumba ya bati. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye ukingo wa paa. Mkono mmoja ulishika ngazi, mwingine ulikuwa ukichezacheza hewani. Bi Vipimo akashuka garini. Kwa miaka tisa hakuwahi kushuka penye kijani, maana kijani ilikuwa kazi iliyokwisha.

Jirani aliyekuwa akifua akamweleza hata kabla hajauliza. "Huyo ni shangazi yangu, fundi cherehani. Hasikii. Anaongea na binti yake aliye ng'ambo, kwa alama. Huku chini picha inaganda."

"Mbona anatumia mkono mmoja?"

"Akiachia ngazi si ataanguka? Maneno ya mikono miwili hayasemi."

"Kama yapi?"

Shangazi aliposhuka, jirani akampa swali lile kwa vidole. Mama yule akafikiri kidogo, kisha akapishanisha mikono kifuani na kujikumbatia kwa nguvu.

"Nimekukumbuka, mwanangu," jirani akatafsiri. "Hilo hajalisema tangu binti aondoke."

Bi Vipimo akageuka kuangalia gari. Antena na ukingo wa paa vilikuwa kimo kimoja. Akaingia ndani ya nyumba, akaketi kwenye kigoda cha cherehani na kifaa chake cha kupimia mtandao mkononi. Hakukuwa na kitu. Akapima nyumba kumi na moja, zote vilevile.

"Kumbe tulikuwa tunalipimia gari," dereva akasema, safari hii bila utani.

Aibu ilimshika Bi Vipimo hasa. Alhamisi akaenda mtaa mwingine wa kijani, akabisha hodi, akapima vigodani, na huko nako rangi ikageuka. Angeweza kunyamaza, nani mwingine angeuliza? Lakini mficha uchi hazai, na Ijumaa akaweka ramani mbili mezani, moja ya gari, nyingine ya nyumba chache alizoingia.

Meneja akazisogeza karibu. "Unajua unachosema? Kwamba miaka tisa yako ni uongo."

"Si uongo, bosi. Ni ramani ya antena. Ya watu hatujaichora."

Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauliza ule mtaa wa matofali una nyumba ngapi.

Mnara ulisimama baada ya miezi minne, na Bi Vipimo akaenda kuupima kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Kwa fundi cherehani aliketi pembeni na kifaa chake. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, na kwenye kioo alikuwapo binti, amejaa tele, hagandi. Walisalimiana, wakaulizana habari za afya na za kazi, vidole vikikimbia. Halafu shangazi akanyamazisha mikono mapajani, akavuta pumzi, akaipishanisha kifuani.

Binti akafunika uso kwa viganja. Bi Vipimo alisahau kuandika kipimo, ikabidi arudi kesho yake.