Alama ya Meno Kwenye Mkono wa Baba

Harufu ya rangi ya mafuta ikipakwa kwenye chuma hunifukuza. Juzi fundi alikuwa anapaka geti langu hapa Mazwi, Sumbawanga, nikajifungia ndani na kuwaambia wanangu kichwa kinaniuma. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amepigana vita kule Uganda, na hakutusimulia hata siku moja. Likizo ile alinichukua kutoka nyumbani kwetu Katandala, tukashuka hadi Ziwa Tanganyika kutazama meli kuukuu ya kivita iliyohifadhiwa kama makumbusho. Nilivaa sweta zito, maana sisi wa Sumbawanga tungekwenda na sweta hata jehanamu. Joto la kule chini lilinichemsha. Meli ilikuwa imetoka kupakwa rangi, na harufu yake ilinikaa kooni.

Mwongozaji, kijana mcheshi, alitusimamisha kando ya mzinga. "Mzee, msogeze mtoto asikie mzinga huu ulivyokuwa unalia," akasema. Akainua mfuniko mzito wa chuma, akauachia.

Kishindo kiliniingia tumboni. Kabla sijacheka, baba alinikamata shingo, akanibwaga chini na kunilalia kwa uzito wake wote. Jino langu la mbele lilivunjikia kwenye chuma. Damu ikanijaa mdomoni, pumzi ikawa haipandi.

"Usiinue kichwa!" alininong'oneza kwa sauti nisiyoijua. "Adela, usiinue kichwa!"

"Anamuua mtoto!" mwongozaji akapiga kelele.

Walinzi wawili wakaja mbio. Walimpiga mateke mbavuni na mgongoni, mmoja akamtandika kichwani kwa kipande cha bomba. Kila pigo lilipita mwilini mwake likanifikia. Hakuniachia. Nami niliamini ananiua kweli, kwa sababu hata nyumbani alikuwa mwepesi wa kupiga. Nikamng'ata mkono, nikakaza meno mpaka damu yake ikachanganyika na yangu. Hapo ndipo walipofanikiwa kumvuta.

Tulirudi nyumbani, yeye na mbavu zilizovunjika, mimi na pengo. Kwa miaka mingi nilimpa shikamoo yake na kupita. Nilimchukia, sifichi.

Mwaka jana kiharusi kilimlaza, nikawa namwogesha mimi. Asubuhi moja kitambaa cha sabuni kilifika kwenye alama ya meno yangu.

"Ulikuwa na meno makali wewe," akasema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini hakuniachia wakati wanampiga vile.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Walikuwa wanafyatua risasi, mwanangu. Ningekuachia, zingekupata wewe."

Risasi zile alizisikia peke yake, akazikinga kwa mgongo wake zisinifikie, na kati ya wote waliomuumiza siku ile, aliyemwachia alama ya kudumu ni mimi. Nikaendelea kumsugua mkono, taratibu, palepale, mpaka maji yakapoa kwenye beseni.