Luhende Alikufa Jumatatu

Luhende, Mnyamwezi wa Goweko, alikuwa mpima karanga katika ghala moja la Gongoni, na alichokitaka duniani ni kimoja tu: unyapara. Bwana wa ghala, Mwingereza mgeni, alimwahidi kumpa Jumatatu hiyo, ilimradi amjibu kwa Kiingereza bila kuboronga.

Basi mtu akahangaika! Alois, mwalimu wake wa jioni, alimfundisha kwamba "I ate" ni ya shibe iliyokwisha kupita, na "I have eaten" ni ya mtu ambaye tumbo bado limemjaa. Tangu hapo mkewe Nyamizi akimwuliza kama amekula, yeye anakodolea macho dari na kujipapasa tumbo kwanza, huku ugali unapoa. Mwanamume mzima!

Jumatatu akachelewa, maana kila hatua alisimama kujisahihisha. Bwana akamwuliza Mfaume, mshona magunia, Luhende yuko wapi. Mfaume ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Akajibu kama mtani yeyote:

"Amekufa, bwana. Si unajua Wanyamwezi na mizigo? Gunia limemwangukia. Tunazika mchana."

Wapagazi wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Bwana akadhani wanalia. Akavua kofia, akatoa bafta ya sanda, akasema unyapara atapewa mwingine. Mfaume akaipokea bila haya, kwani msibani mtani ana haki yake.

Mara Luhende huyo, kaptula imenyooshwa pasi. Bwana akaruka nyuma, kisha uso ukamwiva. Akauliza kwa Kiingereza: huyu amekufa au hakufa?

Luhende akaiona bafta kwapani mwa Mfaume, akaelewa yote. Kumkasirikia mtani ni aibu, na kumwita mwongo mbele ya mzungu ni aibu zaidi. Akisema "I have died", basi bado ni maiti, na maiti hapewi unyapara.

"I died, sir," akasema. "Asubuhi. Imekwisha."

Bwana akacheka mpaka akashika meza, akampa kazi palepale.

Luhende akakimbilia nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, moyo umemjaa furaha. Lakini maneno ya Mfaume yalikuwa yametangulia. Alimkuta Nyamizi mkekani, macho yamemvimba, wanawake wamemzunguka.

"Mke wangu, nimepata unyapara!"

Nyamizi akafuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Kaa huko nje kwanza," akasema. "Mimi bado nimefiwa."