Kufukuzwa Nako Kunasubiri Kikao

Juzi, katika ofisi ya elimu hapa Ngara, nilimkuta mama mmoja kutoka Mugoma na binti yake wa kidato cha tatu. Binti alikuwa amefukuzwa shule kwa kutoroka bweni siku mbili ili amuage kaka yake aliyekuwa anakwenda vitani.

Mama alimkabidhi ofisa barua ya kufukuzwa kwa mikono miwili. "Ndugu, hatukatai kosa. Tunaomba adhabu nyingine."

Ofisa aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. "Bodi ya shule ilikaa lini?"

"Bodi ndiyo nani, ndugu yangu?"

"Mkuu wa shule anaweza kumwadhibu, lakini kumfukuza ni lazima bodi ikae, imsikilize kwanza. Hapa naona sahihi ya mkuu peke yake." Akaandika barua nyingine, akaigonga muhuri. "Arudi darasani leo."

Mama alikaa sakafuni, ingawa benchi lilikuwepo, akacheka huku machozi yakimtoka. Binti akauliza kwa sauti ndogo kama atafyeka majani.

"Utafyeka uwanja mzima," ofisa akajibu.

"Ahsante!" akasema binti.

Kila siku tunazilaumu kanuni za serikali kwa kutuchelewesha. Siku ile nilishukuru kwamba hata kumfukuza mtoto lazima kusubiri kikao.