Shingo ya Mwalimu Ilipopinda

Nilipokuwa nikijifunza Kijapani hapa Chapwa, mpakani na Zambia, maandishi yao hayakunisumbua sana. Kilichoninyima usingizi ni kupinda. Mtu akiteguka mguu, wao husema *ashi o hineru*, ameusokota. Akikunja uso kwa maumivu, *kao o yugameru*. Akinuna, eti amepinda kitovu.

"Kitovu?" mama aliuliza, huku akipukuchua mahindi. "Basi shangazi yako wa Nakonde amepinda mpaka utumbo."

Maneno hayo niliyahitaji kwa usaili wa video. Chuo kimoja cha Japani kilitafuta vijana wa kusomea utunzaji wa wazee. Nilikuwa na shahada, na miaka miwili ya kukaa nyumbani. Maombi mengine yote yalikuwa yamekataliwa.

Siku yenyewe niliegemeza simu kwenye gunia la mahindi, nikahakikisha haijadaka mtandao wa Zambia, nikaketi. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani, akaniambia nieleze hali ya mzee aliyeanguka bafuni.

Nilianza vizuri. Kateleza, kasokota mguu, kakunja uso. Ndipo nikaona shingo ya mwalimu ikiinamia upande, taratibu. *Kubi o hineru*! Nilikuwa nimeisoma jana yake: Mjapani akipinda shingo hivyo, ana shaka na unachosema.

Nikarekebisha sentensi. Shingo ikazidi kupinda. Nikauhamisha mguu wa kushoto ukawa wa kulia. Ikazidi. Nikampa mzee wa watu kisukari. Sasa sikio la mwalimu lilikaribia bega.

Nikashindwa kuvumilia. "Mwalimu, samahani. Naona umepinda shingo. Kama huniamini, niambie tu."

"Shingo inaniuma," akasema. "Wewe mbona umelala ubavu?"

Mama, aliyekuwa akipita, hakuelewa hata neno moja, lakini simu aliiona. "We mtoto! Simu imelala kama mlevi wa komoni! Hebu inyooshe!"

Gunia lilikuwa likibonyea kidogo kidogo, na simu ikilifuata. Nikaisimamisha. Mwalimu akasugua shingo, akacheka mpaka akavua miwani. Kucheka huko nako kuna msemo wake, akanifundisha papo hapo: tumbo limejisokota. Nikauandika kiganjani.

"Tumrudie mzee wetu," akasema. "Ukimkuta amekunja uso, utafanya nini kwanza?"

"Nitamuuliza panapouma."

"Hutakisia?"

"Hapana, mwalimu. Nitamuuliza."

"Na umuulize mapema. Mimi umenichelewesha dakika kumi." Akaandika kitu, kisha akasema kwamba huko kwao kuna baridi, nisisahau koti zito.

Nikaanza kulipima hilo koti. Huenda ni adabu tu. Huenda humwambia kila mtu.

"Mwalimu, maana yake nimekubaliwa?"

"Ndiyo," akasema. "Umekubaliwa."