Ndama Aliyekosekana Kitabuni

Watu wakisikia kwamba ninaandika riwaya, swali la kwanza ni ninazitoa wapi. Wanategemea niseme ndotoni, au kwa Mungu, au kwenye vitabu vya wengine. Mimi nawaambia ukweli: ninazitoa chini ya ng'ombe. Wao hucheka, lakini mimi sitanii.

Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Kibabi, ng'ombe hakamuliwi kimya kimya. Ukimwendea umenuna, naye ananuna, anayabana maziwa na kukutazama kana kwamba umekosea nyumba. Lazima asikie sauti yako. Baba yangu huwaimbia ng'ombe wake sifa zao, mmoja mmoja, rangi yake, pembe zake na mwendo wake. Marehemu mama alikuwa akiwapigia mluzi. Mimi sauti yangu ya kuimba ni mbaya kiasi kwamba hata kwaya ya kanisa, yenye watu wavumilivu sana, iliniomba kwa upole nisaidie kazi ya kupanga viti. Basi nikiwa bado msichana nikaanza kuwasimulia ng'ombe hadithi.

Ng'ombe hajali hadithi inahusu nini. Anachojali ni kwamba isikatike. Ukikwama, ukabaki unatafuta kitakachofuata, anahamisha mguu, na ndoo imekwenda. Nimemwaga maziwa mengi kwa sababu ya wahusika waliosimama njiapanda bila kujua pa kwenda. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, na sioni aibu kusema kwamba nilijifunza vizuri.

Mpaka leo sura yoyote ninayoandika huanza asubuhi, kwa mdomo, kichwa changu kikiwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Nikimaliza kukamua nateremsha bidoni za maziwa hadi barabarani, na njiani natengeneza maneno ya wahusika. Naongea kwa sauti zao zote, nauliza na kujibu mwenyewe. Majirani wamenizoea. Wageni huvuka upande wa pili wa njia. Mchana, baada ya kugeuza fromaji, yaani jibini, nakaa juu ya kasha palepale kwenye chumba cha fromaji na kuandika. Chumba ni baridi, kinanuka chumvi na maziwa machachu, kwa hiyo haingii mtu asiye na shida ya kweli. Fromaji zetu ni za mviringo, na kila siku lazima zigeuzwe, la sivyo zinalowa upande mmoja. Sura nazo nazigeuza hivyo hivyo: niliyoiandika jana naisoma leo nikianzia mwisho, nione upande uliolala chini una hali gani.

Sina mchapishaji. Nauza fromaji, napeleka maandishi Goma kwa mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa, narudi na vitabu nyuma ya moto, ndiyo pikipiki yetu, nimevifunga kwa nailoni. Najisimamia mwenyewe na ninajivunia hilo.

Lakini riwaya yangu ya kwanza nusura isitoke, na aliyeizuia alikuwa baba.

Nilikuwa nimerudi kuishi kwake baada ya kufiwa na mume wangu. Baba ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na yaliyonyooka. Aliponikuta naandika aliuliza, "Ule muntu uko unaandika, aliishi wapi?"

"Hakuishi, Papa. Nilimutunga."

"Kama hakuishi, iyo njo bongo." Kwetu bongo ni uongo. "Na bongo, mu nyumba yangu, apana."

Nikamwambia kwamba hata wahubiri hutoa mifano ya watu wasiokuwapo. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya plastiki vilivyojaa mavi ya ng'ombe. "Na weye uko muhubiri?"

Hakunikataza kuandika. Alikataa tu kusikia. Nikianza kumsimulia ng'ombe wangu asubuhi, yeye upande wa pili wa zizi alipandisha wimbo wake kwa makusudi, akiimba kwa nguvu zote, na ng'ombe wa katikati hawakujua wamfuate nani.

Ningeweza kukichapisha kitabu bila yeye. Mimi ni mtu mzima, na fromaji ni zangu. Lakini ulimi huu nilioandikia niliupata kwake. Nilimsikia akimsifu ng'ombe mmoja kwa maneno ambayo sijayasikia tena popote, nikatamani kuwafanyia watu vile alivyomfanyia ng'ombe. Kukitoa kitabu bila yeye kukisikia kungekuwa kama bibi arusi kutoka kwao bila kuagwa. Nikajiapiza: baba atasikia hadi ukurasa wa mwisho, ndipo kitakwenda Goma. La sivyo kitabaki chumbani na fromaji.

Riwaya yenyewe ilihusu marafiki wawili, mfugaji na mkulima. Mwaka wa njaa mkulima aligawana na mfugaji mbegu zake za maharage. Mfugaji, kwa kushukuru, akampa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mkulima alikuwa na binti aliyetaka kusomea uuguzi, na huyo binti ndiye niliyempenda kuliko wote. Nusu ya kitabu inatokea nyumbani kwa mkulima, na hapo nilikuwa na tatizo, maana mimi ni mtoto wa wafugaji. Fufu, ugali wa muhogo, nimeila maisha yangu yote, lakini jembe sijawahi kulishika kwa dhati. Majirani zetu wakulima wa Kibabi wasingeniambia kosa langu, kwa sababu wananunua maziwa kwangu na wana adabu. Nikaamua kwenda Pinga, kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Huko watu wanalima na kufanya biashara ndogo, na hawana sababu yoyote ya kunionea haya.

Ni safari ndefu ya moto, na matope yake hayana huruma. Nilifika nikiwa na rangi moja kuanzia magotini hadi nywele. Kesho yake, alasiri, wanawake walikusanyika uani kwa wifi yangu kumenya mihogo, nikaanza kusoma.

Walitulia. Nikafika mahali ambapo binti anarudi nyumbani na wageni, mama yake anakimbia shambani, anang'oa mihogo, anatwanga, anapika fufu, na jioni hiyo wote wanakula na kushiba. Nilikuwa nimeupamba sana ukurasa ule. Niliposhusha daftari nipokee sifa, visu vilikuwa vimesimama.

"Dada," wifi yangu akauliza polepole, "ile muhogo iko ya namna gani?"

"Ya uchungu," nikajibu kwa majivuno, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba ndiyo yenye unga mzuri.

"Na alichimbula leo, akapika leo?"

"Ndiyo."

"Basi kitabu imeisha. Bote bamekufa."

Sijawahi kuchekwa vile. Mama mmoja alilala chini kabisa. Mwingine alianza kulia msiba, akiwaita wageni wangu waliokufa. Walipopata pumzi wakanieleza kile ambacho kila mtoto wa Pinga anakijua: muhogo mchungu unalowekwa majini siku kadhaa, unaanikwa, ndipo unatwangwa, na mwenye haraka anajizika mwenyewe. Mimi na miaka yangu yote nilikuwa nimeulisha ukoo mzima sumu kwa maneno matamu.

Kisha kikatokea jambo lililonifurahisha kuliko sifa. Hawakuniacha na maiti zangu. Walianza kubishana namna ya kuwaokoa. Mmoja alitaka wageni wapewe ndizi. Mwingine alisema hapana, ni aibu, binti amekuja na watu. Mama mzee aliyekuwa amekaa pembeni akaamua: "Jirani amupatie unga. Jirani muzuri hakosekane." Wakakubaliana wote, na jirani huyo akaingia kitabuni, na tangu siku hiyo hajatoka. Halafu wakanidai niendelee. Nikasoma mpaka sauti ikapasuka. Wanawake ambao hawajawahi kufuga hata mbuzi walimlilia mtamba wangu. Nilirudi Kibabi juu ya moto ile ile, katika matope yale yale, nikiimba kwa sauti yangu mbaya, na dereva akavumilia.

Wakati wa kula nilimsimulia baba kisa cha mihogo. Sikuwa na hila yoyote, nilitaka tu kucheka naye. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ulitaka kuuwa batu na bugali!" Akajifuta macho. Kisha, akiwa anachota mboga, akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua: "Na ule mwenye alitoa mutamba? Naye alikula?"

Nikaweka sahani chini. Alikuwa anamuulizia mtu ambaye hakuishi.

"Apana, Papa. Yeye alikuwa kwake. Nikusomee?"

"Kidogo tu."

Kidogo hicho kilichukua jioni nyingi. Alikaa akinipa mgongo, akisokota kamba ya ng'ombe, kamba iliyozidi kurefuka bila ya kuwa na ng'ombe wa kufungwa nayo. Nilisoma mtamba alivyozaa ndama jike. Nilisoma mkulima alivyomuuza ndama yule ili binti yake aende shule. Nilisoma miaka ilivyopita, binti akawa muuguzi, na mfugaji mzee akafa kitandani pake, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti huyo. Kule Pinga mahali hapo walikuwa wamelia. Nikafunga daftari.

Baba aligeuka. "Na ndama?"

"Ndama gani, Papa?"

"Ya kurudisha!" Alikuwa amesimama, kamba ndefu ikimning'inia mkononi. "Ule muntu alitoa ng'ombe. Ng'ombe ikazala. Ndama yake iko wapi?"

Kwetu, anayepewa ng'ombe kwa urafiki hungoja azae, kisha siku moja humpelekea rafiki yake ndama jike. Hakuna anayemdai wala anayemkumbusha. Ndama huyo ndiye anayesema kwamba zawadi ilifika mahali pema, na bila yeye urafiki unabaki mlangoni, hauingii wala hautoki. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Lakini nilihitaji karo ya binti yangu, nikaona ndama yuko karibu, nikamuuza, nikaendelea na hadithi.

"Alikufa na haya," baba akasema. "Muntu muzuri vile. Alikuwa anaangalia njia kila siku, hakuna mwenye anakuja. Na ni weye ulimufanya vile. Weye!"

Akachukua fimbo yake na kutoka kwenda zizini. Chakula chake kilibaki kikipoa. Nami nilikaa pale nimeshika daftari, nikaona sasa nimeharibu kabisa. Nilimpata msikilizaji niliyemtafuta kuliko wote, nikampoteza kwa sababu ya ndama mmoja.

Leo nikienda kusoma mahali, iwe Pinga, iwe Kibua, iwe hapa nyumbani kwenye uwanja wa kanisa, kuna sura moja ambayo watu huniomba niirudie. Wengine wanaijua kwa moyo, wananitangulia maneno. Wananisifu kwa sura hiyo, nami nazipokea sifa, maana sikatai kitu kizuri. Lakini sikuitunga mimi.

Asubuhi iliyofuata baba hakuimba. Niliinama chini ya ng'ombe wangu nikijaribu kutafuta la kumwambia, nikaviona viatu vyake vimesimama karibu na ndoo.

"Ule mutamba," akasema, "alizala tena?"

"Anaweza kuzala, Papa."

"Azale. Azale jike." Akakohoa. "Mukulima aende yeye mwenyewe. Asitume muntu. Avae koti yake ya kwenda misa. Ndama iende mbele, yeye nyuma, na bibi yake abebe kasiksi."

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na baba hajaigusa tangu awe mzee wa kanisa. Nilisogeza ndoo kando. Nilichukua kalamu.

"Akifika atasema nini?"

Baba akakohoa tena, kisha akaongea, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mwenye mikono ya jembe, mwenye haya, aliyepanga maneno njia nzima na sasa yamemtoroka. Halafu akajibu kwa sauti nyingine, ya mfugaji, kavu na ya utani, sauti ya mtu anayeficha kwamba anataka kulia. Niliandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika maishani.

"Na mvua ilikuwa inanyesha," akaongeza.

"Mvua, Papa?"

"Mvua mingi. Ndama ikateleza pale mu mulango, ikaanguka juu ya kifua ya muzee, bote bawili chini mu matope. Njo bakacheka. Bakacheka sana, bale bazee."

Niliinua macho. Alikuwa anatabasamu, akitazama mahali patupu katikati ya zizi, pale walipoanguka.

"Nani alikuelezea iyo?" nikamuuliza.

Akanigeukia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Nilibaona," akasema. "Andika."